Mcheza Kwao Hutunzwa: Tuukumbukeje Msimu wa Mbeya City wa 2013/14?

Wapo watu wasemao kuwa mpira wa miguu ni mchezo wa kupitishia wakati tu, na kwamba haustahili kupewa nafasi katika gazeti la shule. Mimi siafikiani nao. Jambo ambalo vijana wa hapa Itumba hulibishania asubuhi wakienda mstarini, mchana wakingojea chakula, na usiku taa zinapokaribia kuzimwa, si jambo dogo. Na jambo linalobishaniwa kiasi hicho yafaa lifikiriwe vizuri, maana ubishi bila fikira ni kelele. Basi kwa ruhusa ya Mhariri napenda kusema machache juu ya msimu mmoja wa timu moja: Mbeya City, msimu wa 2013/14.

Wanafunzi wengi wa sasa walikuwa wadogo sana wakati huo, na wengine hawakuwa wamezaliwa. Kwao Mbeya City ni timu iliyoshuka daraja na kupanda tena. Lakini sisi tuliokuwa tukiketi karibu na redio kila Jumamosi alasiri twajua kuwa palikuwa na mwaka ambao timu hii iliwatetemesha wakubwa. Tena mtu asije akasema kuwa Ileje ni Songwe, na ya Mbeya hayatuhusu. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Msimu huo ulipochezwa, wilaya yetu ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, na mtu wa Itumba aliyesema "timu yetu" hakusema uongo.

Kwanza nieleze yaliyotokea, maana habari ya kweli ndiyo msingi wa hoja.

Ligi Kuu ya Tanzania Bara ya msimu huo ilikuwa na timu 14, na kila timu ilicheza mechi 26. Timu tatu zilikuwa zimepanda daraja: Ashanti United ya Dar es Salaam, Rhino Rangers ya Tabora, na Mbeya City, ambayo ilikuwa mali ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Hakuna aliyezitarajia makubwa. Desturi ya timu ngeni ni kuhangaika zisishuke, na Ashanti na Rhino zilihangaika kweli, kisha zikashuka zote mbili pamoja na JKT Oljoro ya Arusha.

Mbeya City haikuhangaika. Mwezi wa Septemba 2013 ilikwenda Dar es Salaam ikatoka sare na Simba mabao 2-2. Mwezi wa Novemba ikaenda Chamazi, nyumbani kwa Azam, ikatoka sare ya mabao 3-3. Mzunguko wa kwanza ukaisha timu hiyo haijafungwa hata mechi moja. Vijana waliovaa zambarau, walioitwa Wagonga Nyundo, wakawa habari ya nchi nzima. Mashabiki wao wakapanda mabasi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800, kwenda kuwashangilia ugenini.

Mwezi wa Februari 2014 ndipo walipoonja kushindwa, Yanga ilipowafunga bao 1-0 Dar es Salaam. Na tarehe 13 Aprili, katika uwanja wa Sokoine, Azam iliwafunga mabao 2-1 na kwa ushindi huo ikajihakikishia ubingwa wake wa kwanza. Msimu ulipokwisha Azam ilikuwa na pointi 62, nayo haikupoteza mechi yoyote. Yanga ilikuwa na pointi 56, Mbeya City 49, na Simba, iliyokuwa ya nne, ilikuwa na 38. Soma tena hesabu hiyo. Timu iliyocheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza iliipita Simba kwa pointi 11.

Sasa nije kwenye maoni yangu. Wengi husema ilikuwa bahati. Mimi nasema hapana. Bahati huweza kumfaa mtu katika mechi moja: mpira hugonga mwamba ukaingia, au mvua hunyesha ikamtelezesha beki wa adui. Lakini mechi 26 si mchezo wa bahati. Ni kama mtihani wenye maswali mengi yatokayo katika vitabu vyote. Mwanafunzi huweza kubahatisha swali moja au mawili, lakini hawezi kubahatisha karatasi nzima. Timu iliyoshinda mechi 13, ikatoka sare 10, na kufungwa 3 tu, ilikuwa imejiandaa.

Tena angalia watu wenyewe. Kocha alikuwa Juma Mwambusi, Mtanzania, aliyewapandisha daraja kisha akaendelea nao. Wachezaji walikuwa kina Hassan Mwasapili, Deogratius Julius, Steven Mazanda, Peter Mwalyanzi, Paul Nonga, Mwagane Yeya, Deus Kaseke, na langoni marehemu David Burhan. Kabla ya msimu ule wengi wao hawakuwa na jina lililovuma. Wakati huo Simba ilikuwa na Amissi Tambwe wa Burundi, na Azam ilikuwa na Kipre Tchetche wa Ivory Coast. Mbeya City haikuwa na fedha za kuwapata watu wa namna hiyo. Ilichokuwa nacho ni vijana waliokaa pamoja, waliokwisha kujuana kabla ya kufika ligini, kila mmoja akijua mwenzake atakimbilia wapi kabla mpira haujafika. Jambo hilo halinunuliwi. Hupatikana kwa mazoezi ya siku nyingi, na ndilo hasa lililowashangaza watu wa mjini.

Walakini sitaki kuwasifu kupita kiasi, maana sifa isiyo na kipimo haimfundishi mtu. Zitazame zile sare 10. Kama sare 4 tu miongoni mwa hizo zingalikuwa ushindi, pointi 8 zingeongezeka na Mbeya City ingefikisha 57, mbele ya Yanga. Nafasi ya pili ndiyo iliyotoa tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2015. Nafasi ya tatu haikutoa tiketi hiyo. Basi tofauti kati ya kusafiri Afrika na kubaki nyumbani ilikuwa mechi nne, pengine bao moja katika kila mechi. Mwanafunzi anayeacha swali la mwisho kwa sababu amechoka na alifikirie hili. Wengi hawaanguki kwa kushindwa kabisa, bali kwa kuyaacha nusunusu mambo ambayo wangaliweza kuyamaliza.

Yaliyofuata baada ya msimu ule ndiyo yanayonisukuma kuandika. Mwaka 2015 Kaseke akaenda Yanga na Mwalyanzi akaenda Simba. Kabla ya mwaka huo kwisha kocha Mwambusi naye akaenda Yanga kuwa kocha msaidizi. Siwalaumu hata kidogo. Kila mtu hutafuta riziki yake, na mchezaji ana miaka michache tu ya miguu yenye nguvu. Lakini timu iliyojengwa kwa kukaa pamoja, ikiondolewa watu wake mmoja mmoja, huwa kama nyumba inayotolewa matofali ya chini. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Mwaka 2023 Mbeya City ilishuka daraja baada ya kushindwa na Mashujaa ya Kigoma katika mechi za mchujo. Ikacheza misimu miwili huko chini, na mwaka 2025 ikapanda tena pamoja na Mtibwa Sugar, ikarudi Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26.

Je, ni nani wa kulaumiwa kwa kuanguka kule? Viongozi wana lao, na wachezaji wana lao. Lakini mashabiki hawapendi kutajwa, nami leo nitawataja.

Mwenye kwenda uwanja wa Sokoine siku ambayo Simba au Yanga imekuja Mbeya huona jambo la ajabu. Majukwaa hujaa nyekundu, au hujaa kijani na njano, na waliovaa rangi hizo si wageni waliotoka Dar es Salaam. Ni watu wa Mbeya, Mbalizi, Vwawa, Tunduma na hata huku kwetu Ileje, waliolipa kiingilio ili waiombee mabaya timu ya nyumbani. Kisha Jumamosi inayofuata, timu ya kawaida ikija, majukwaa huonekana yana nafasi tele.

Tufanye hesabu ndogo. Katika ligi ile ya timu 14 kila timu ilicheza mechi 13 nyumbani. Mechi za nyumbani na Simba na Yanga zilikuwa 2. Zilizobaki zilikuwa 11. Timu ya mkoani haiwezi kuishi mwaka mzima kwa mechi 2. Huishi kwa zile 11 ambazo hazina mbwembwe, siku za jua kali au za baridi ya Mbeya, wakati mtu angependa kukaa kibandani kutazama mpira wa Uingereza. Shabiki wa kweli hujulikana siku hizo. Anayekuja siku ya sherehe tu ni mgeni mwalikwa, wala si mwenye nyumba.

Najua nitajibiwa. Mtu atasema, "Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Baba yangu alizipenda, na babu yangu kabla yake. Wewe wataka niache urithi?" La, sitaki. Vilabu hivyo viwili vina heshima yake katika historia ya nchi hii, na mtoto kuipenda timu ya baba yake ni jambo jema. Lakini moyo wa mtu una vyumba vingi. Mtu humpenda mjomba aliye mbali bila kumtupa ndugu aliye karibu. Ninachokataa ni hali ya kijana kuweza kutaja wachezaji wote 11 wa timu ya London, pamoja na wa akiba, na akiulizwa jina la golikipa wa Mbeya City au wa Tanzania Prisons akabaki kukuna kichwa. Huko si kupenda mpira, bali ni kukitukuza kilicho mbali kwa sababu ni cha mbali.

Wazazi nao wana swali lao, nalo ni zito kuliko hilo la kwanza. Huuliza, "Kwa nini halmashauri iwe na timu ya mpira, na madarasa yanahitaji madawati na zahanati zinahitaji dawa?" Swali hilo ni la haki, na ajibuye kwa kulicheka hana jibu. Mimi nakubali kuwa dawati hutangulia mpira. Mji usiofundisha watoto wake hauna haki ya kujivunia washambuliaji. Lakini nasema pia kwamba timu ya nyumbani ina kazi yake. Huwapa vijana wa ufundi wa miguu mahali pa kufanyia kazi karibu na kwao, huwapatia mamalishe na wenye mabasi biashara siku ya mechi, na huwafanya watu wa mahali kuwa na jambo moja la kuwaunganisha.

Basi njia iliyo nzuri, kwa maoni yangu, ni hii. Halmashauri itoe usimamizi na nidhamu, lakini wananchi ndio waichukue timu mabegani. Awepo mwanachama mwenye kadi, alipaye ada ndogo kila mwaka. Jezi inunuliwe pale ambapo fedha yake itaifikia timu. Kiingilio kilipwe mlangoni, si kupenya ukutani. Na hesabu zisomwe mbele ya watu, shilingi kwa shilingi, ili mzazi mwenye swali la madawati aone kwa macho yake mwenyewe. Timu inayotegemea mfuko mmoja, mfuko ukitikisika nayo hutikisika. Timu inayotegemea watu elfu kumi haitikisiki upesi.

Mtu asidhani kuwa naota ndoto. Timu za mikoani zimewahi kutwaa ubingwa wa nchi hii. Mseto ya Morogoro iliutwaa mwaka 1975, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Na karibu nasi zaidi, Tukuyu Stars ya Rungwe iliutwaa mwaka 1986, msimu wake wa kwanza kabisa. Watu wa nyanda hizi za juu kusini walikwisha kuonyesha kuwa jambo hili lawezekana, tena kabla ya vijana wetu wengi kuzaliwa. Ng'ambo ya Mto Songwe ndugu zetu wa Malawi wana Karonga United, timu ya mji wa pembeni kabisa mwa nchi yao, nayo imecheza ligi kuu ya huko. Huko Hispania ipo Athletic ya Bilbao, ambayo kwa zaidi ya miaka 100 imeshika desturi ya kuchezesha watu wa eneo lake tu, yaani Wabaski, nayo haijapata kushuka daraja. Watu wake wameamua kuwa ni afadhali kushinda kidogo na watoto wao kuliko kushinda sana na watu wa kukodi. Si lazima sisi tufuate sheria hiyo, bali moyo wake ungetufaa.

Kabla sijamaliza, nina neno moja kwa vijana juu ya kamari ya mpira. Siku hizi wapo wanaojiita mashabiki kwa sababu wana mkeka mfukoni. Leo huitakia timu ushindi kwa kuwa wameiwekea fedha. Kesho huitakia kushindwa kwa sababu hiyo hiyo. Mtu wa namna hiyo hana timu. Anachokipenda ni fedha yake, na mara nyingi hata hiyo haimrudii. Mwanafunzi anayetia ada au nauli yake katika mchezo huo amejifunga bao mwenyewe, na hakuna refa wa kulifuta.

Sisi wa Itumba twaweza kufanya nini, tulio mbali na uwanja wa Sokoine? Mengi. Siku hizi lami imekwisha kufika kutoka Mpemba hadi Isongole, na safari ya Mbeya si mateso kama ilivyokuwa wakati ule wa mbio za zambarau. Mwalimu au mzazi mwenye nafasi aweza kuwachukua vijana mara moja kwa mwaka kutazama mechi ya kawaida, si ya Simba wala Yanga, ili wajifunze kutazama mchezo wenyewe badala ya kutazama rangi. Hapa shuleni twaweza kuutunza uwanja wetu, kuufyeka majani kabla hayajawa msitu, na kuandika katika daftari matokeo ya kila mechi pamoja na majina ya waliocheza. Timu isiyoandika habari zake huanza upya kila mwaka. Wasichana nao wapewe mpira na muda sawasawa na wavulana, maana nchi hii ina ligi ya wanawake na timu ya taifa ya Twiga Stars, na mchezaji wake ajaye huenda yuko Kidato cha Pili akichota maji sasa hivi. Na wale wanaokwenda kwenye mashindano ya UMISSETA wasindikizwe kwa ngoma wakiondoka, na wapokewe kwa ngoma hata wakirudi mikono mitupu.

Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Kumpokea kwa ngoma aliyeshinda ni rahisi. Kila mtu hufanya hivyo. Mwaka 2014 Mbeya City haikuleta kombe lolote la ligi, ila ilileta nafasi ya tatu, na watu waliishangilia kwa haki. Mwaka 2023 iliposhuka, waliokuwa wakiimba walikuwa wapi? Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wasemavyo Waswahili, na maana yake si kwamba hutunzwa akicheza vizuri tu. Hutunzwa kwa sababu yuko kwao. Sasa timu ile imekwisha kurudi kutoka chini. Waliobaki nayo ilipokuwa daraja la chini wana haki ya kuiita yetu. Wengine hawana budi kuianza haki hiyo sasa, kwa kulipa kiingilio cha mechi ambayo hakuna mtu anayeizungumza.